Kutoka puani hadi ubongoni: Simba wa Serengeti, mbwa wa kijijini na chanjo ya mtoto

Na Mwandishi Wetu

Mapema mwaka 1994, watalii waliokuwa wakielea kwa puto juu ya tambarare za Serengeti walimwona simba dume akiwa ameanguka chini, akitupa miguu na kutetemeka mwili mzima mithili ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Katika miezi iliyofuata simba wengine walionekana wakiyumba, nyuso zao zikishtuka bila kukoma, wakishindwa kufuata makundi yao na hatimaye kufa. Hadi wimbi hilo lilipotulia, takriban simba 1,000 kati ya 3,000 waliokadiriwa kuishi katika mfumo ikolojia wa Serengeti walikuwa wametoweka, yaani theluthi moja. Ugonjwa ulivuka mpaka hadi Maasai Mara nchini Kenya, na fisi, chui na mbweha masikio nao hawakusalimika.

Mtu akisikia simba wanakufa kwa wingi, fikra ya kwanza huwa ni sumu au mitego ya majangili. Safari hii haikuwa hivyo. Uchunguzi wa mizoga ulionesha nimonia katika mapafu na uvimbe katika ubongo, na maabara zikathibitisha kuwa kisababishi ni kirusi cha distempa, ugonjwa ambao wataalamu wa mifugo waliufahamu kwa miaka mingi kama maradhi ya mbwa wa kufugwa. Kirusi hicho huingia kwa njia ya hewa, na mnyama huanza kuugua kama aliyepata mafua.

Makala haya yanaangazia namna ugonjwa unaoanzia puani unavyoweza kuishia katika ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa nini jambo hilo linazihusu moja kwa moja kaya za wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ambako boma la ng'ombe, mbwa wa ulinzi na mpaka wa Hifadhi ya Taifa viko umbali wa kutembea kwa miguu.

Safari ya kirusi mwilini

Mbwa mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya hutoa matone madogo yaliyobeba virusi. Mbwa mwingine anayenusa karibu naye huyavuta. Kinachofuata kinashangaza kidogo, kwa sababu kirusi hakianzi kwa kushambulia mapafu. Hudakwa na chembe za kinga zinazolinda njia ya hewa, na chembe hizo hizo hukibeba hadi katika tezi za limfu, ambako huzaliana kwa kasi. Ni kama mwizi wa ng'ombe aliyejificha ndani ya gari la doria.

Baada ya siku chache kinga ya mwili huporomoka. Virusi husambaa kwa njia ya damu hadi katika mapafu, tumbo, macho na ngozi. Hapo ndipo mfugaji anapoona dalili: homa, macho yenye tongotongo, pua inayotoa ute mzito, kikohozi, kuhara na kukonda. Baadhi ya mbwa hupata ngozi ngumu katika pua na nyayo. Wengi hufa katika hatua hii, hasa wadogo.

Wapo wanaoonekana kupona, na ndio wanaoeleza vizuri zaidi hatari ya ugonjwa huu. Virusi huwa vimekwisha kuvuka kutoka katika damu na kuingia ubongoni, na upo pia ushahidi wa kimaabara kuwa vinaweza kupenya kwa kufuata neva za kunusia, ambazo ni njia fupi kutoka puani hadi ubongoni. Humo hushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, utando unaofanya kazi kama mpira unaofunika waya wa umeme. Waya ukichubuka, umeme hupotea njia. Wiki kadhaa baada ya kikohozi kwisha, mbwa huanza kutafuna hewa kana kwamba ana kitu mdomoni. Mguu mmoja hushtuka hata akiwa amelala, na siku nyingine huzunguka mahali pamoja, huanguka na kutetemeka, kisha huinuka bila kumtambua mwenye nyumba.

Hakuna dawa inayoua kirusi hicho. Daktari wa mifugo anaweza kupunguza makali, lakini neva zilizoharibika kwa kiasi kikubwa hazirudi zilivyokuwa.

Distempa si ya kipekee kwa tabia hii. Ulimwengu mzima ulishuhudia wakati wa janga la UVIKO-19, lililothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza Machi 2020, namna maradhi ya njia ya hewa yalivyowanyima watu uwezo wa kunusa na kuwaacha wengine na uchovu na ukungu wa fikra kwa miezi. Homa ya mafua nayo, kwa nadra, huleta uvimbe wa ubongo kwa watoto. Lakini jamaa wa karibu kabisa wa distempa ni wawili ambao mwananchi wa Mara amewajua tangu enzi za babu zake, nao ni sotoka ya ng'ombe na surua ya watoto.

Ukoo mmoja, wahanga tofauti

Virusi vya distempa, sotoka na surua ni vya ukoo mmoja, unaoitwa na wanasayansi mobilivirusi. Inaaminika kuwa kirusi cha surua kilitokana na babu mmoja na kile cha sotoka, na kwamba kilihamia kwa binadamu karne nyingi zilizopita, baada ya watu kuanza kuishi kwa wingi pamoja na ng'ombe.

Historia ya sotoka ndiyo inayotoa tumaini katika mjadala huu. Ugonjwa huo ulipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 uliteketeza ng'ombe, nyati na nyumbu, na njaa iliyofuata iliacha simulizi ambazo wazee wa jamii za wafugaji bado wanazirithishana. Kwa miongo kadhaa nyumbu wa Serengeti waliendelea kupoteza ndama kwa sotoka. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idadi yao ikapanda kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna nyumbu aliyeshikwa na kudungwa sindano. Msafara wa nyumbu unaovuka Mto Mara kila mwaka, ambao leo unaliingizia Taifa fedha za kigeni, kwa sehemu kubwa ni matunda ya chanjo iliyotolewa bomani. Mwaka 2011 dunia ilitangaza rasmi kuwa sotoka ya ng'ombe imetokomezwa.

Kwa hiyo simba walipoanza kufa mwaka 1994, swali lilijitokeza lenyewe: je, kilichofanyika kwa ng'ombe na nyumbu kinaweza kufanyika kwa mbwa na simba?

Wakati huo mbwa wa kufugwa katika maeneo yanayopakana na hifadhi walikadiriwa kufikia 30,000. Timu iliyoongozwa na Melody Roelke-Parker, aliyekuwa daktari wa wanyama wa Hifadhi za Taifa, ilichapisha matokeo yake mwaka 1996 katika jarida la Nature. Asilimia 85 ya simba waliopimwa walikuwa na kingamwili za distempa, yaani kirusi kilikuwa kimepita karibu kila mahali, na aina ya kirusi hicho ilifanana na ile iliyokuwa ikizunguka kwa mbwa wa vijijini. Simba na mbwa wa kijiji hawakutani mara kwa mara. Fisi ndiye anayedhaniwa kuwa daraja, kwa kuwa usiku huzurura pembezoni mwa maboma na alfajiri hugombea mzoga na simba.

Ni bahati kwamba takwimu hizo zilipatikana. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1966, kundi kwa kundi, na damu iliyokusanywa kwa miaka mingi ilihifadhiwa. Bila rejea hiyo, vifo vya mwaka 1994 vingebaki kuwa uvumi.

Ukame, kupe na kirusi

Damu hiyo iliyohifadhiwa ilikuja kusema jambo lingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 na timu ya Linda Munson ulionesha kuwa distempa ilikuwa imepita kwa simba angalau mara tano katika kipindi cha miaka 30 bila kusababisha vifo vilivyoonekana. Ni mwaka 1994 katika Serengeti na mwaka 2001 katika Kreta ya Ngorongoro ambapo kirusi hicho kiliua kwa kiwango kikubwa. Miaka yote miwili ilitanguliwa na ukame mkali.

Ukame uliwadhoofisha nyati, na mvua zilipowarudia walikuwa wamejaa kupe. Simba walikula nyati hao kwa wingi, wakaambukizwa na kupe vimelea vya damu viitwavyo babesia. Kwa kawaida simba huishi na vimelea hivyo bila shida. Distempa ilipoangusha kinga, vimelea vilizaliana kupita kiasi, na magonjwa mawili ambayo kila moja peke yake lingestahimilika yakageuka kuwa maangamizi.

Kwa mtazamo wa mwandishi, hii ndiyo sehemu ya kisa inayopaswa kusomwa kwa makini zaidi na wapangaji wa mipango katika halmashauri. Mfugaji anayeogesha mifugo yake kuua kupe, ofisa anayefuatilia utabiri wa hali ya hewa na mchanjaji wa mbwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa idara tofauti. Katika mwaka wa ukame wote watatu wanashughulikia ugonjwa mmoja. Ndiyo maana Serikali imejenga uratibu wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ili sekta za afya ya binadamu, mifugo, wanyamapori na mazingira zikae meza moja.

Mbwa anayetetemeka si wa kukisiwa

Katika vijiji kama Kegonga na Gibaso upande wa Tarime, au Robanda na Machochwe upande wa Serengeti, mbwa si pambo. Huandamana na wachungaji malishoni, hubweka fisi anapokaribia zizi na huwaamsha watu wezi wa mifugo wanapofika. Wengi hawafungwi. Hulishwa mabaki na hujitafutia mengine, na hukutana na mbwa wa kaya jirani kila siku.

Mbwa wa namna hiyo akianza kuyumba, kutoa mate na kushtuka, wenye nyumba hawawezi kujua kwa macho kama ana distempa au kichaa cha mbwa. Hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu hawezi kuapa bila kipimo cha maabara. Tofauti yake kwa binadamu ni kubwa mno. Distempa ya mbwa haijathibitika kumletea binadamu ugonjwa. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza kwa mtu, huua karibu kila mara.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakifuati njia ya hewa. Huingia kwa mate kupitia jeraha, kisha hupanda taratibu ndani ya neva kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi, na urefu huo ndio fursa ya kuokoa maisha. Mtu aliyeng'atwa, kuparuzwa au kulambwa kwenye kidonda na mbwa mwenye dalili za ubongo anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ili aanzishiwe chanjo, na kuikamilisha dozi zote hata kama jeraha limepona. Kungoja kuona kama mbwa atakufa ni kucheza kamari na maisha. Kuweka dawa ya kienyeji juu ya jeraha na kuishia hapo ni vivyo hivyo.

Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa hucheza na mbwa na mara nyingine huficha kuwa wameng'atwa wakihofia kuchapwa. Mzazi anayemuuliza mtoto kwa upole hupata jibu mapema.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua karibu watu 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania, wengi wao bila kuingia katika kumbukumbu za hospitali kwa sababu walifia nyumbani.

Kilichofanyika Serengeti

Wilaya ya Serengeti ina nafasi ya heshima katika sayansi ya kichaa cha mbwa duniani, ingawa wakazi wake wengi hawalijui hilo. Kati ya mwaka 1996 na 2001 zilifanyika kampeni nne za kuchanja mbwa katika vijiji vyake, kwa mtindo rahisi wa kituo kimoja katika kila kijiji. Uchanjaji ulifikia kati ya asilimia 60 na 75 ya mbwa. Baada ya kampeni ya kwanza, matukio ya kichaa kwa mbwa yalipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu waliofika hospitali wakiwa wameng'atwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa walipungua vilevile, wakati katika Wilaya ya Musoma, ambako kampeni haikufanyika, hali haikubadilika kwa namna hiyo.

Utafiti wa baadaye, uliofuatilia mng'ato mmoja mmoja kutoka kaya hadi kaya, ulieleza kwa nini jambo hilo liliwezekana. Kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa katika eneo hilo huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu zaidi kabla ya kufa. Mnyororo wenye kiungo chembamba hivyo hukatika kirahisi, mradi chanjo isipungue kiwango cha asilimia 70 kinachopendekezwa kimataifa.

Tatizo ni kwamba hupungua haraka. Mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, na watoto huzaliwa kila msimu, hivyo kijiji kilichofikia asilimia 70 mwezi Januari kinaweza kuwa chini ya nusu mwaka unaofuata. Watoto wa mbwa huachwa nyumbani siku ya chanjo kwa imani kuwa ni wadogo mno. Imani hiyo si sahihi kwa upande wa kichaa cha mbwa. Tafiti, zikiwemo zilizofanyika nchini, zimeonesha kuwa watoto wa chini ya miezi mitatu nao hujenga kinga, na kuwaacha ni kuacha nje sehemu kubwa ya mbwa wote wa kijiji.

Umbali nao ni kikwazo. Kutembea kilomita kadhaa ukimvuta mbwa asiyezoea kamba, katikati ya msimu wa kulima, si jambo dogo, na ofisa anayelaumu mwitikio hafifu bila kulipima hilo hawatendei haki wananchi. Kwa sababu hiyo watafiti wa Kitanzania na wenzao wamefanya jaribio mkoani Mara la kulinganisha kampeni ya mara moja kwa mwaka na utaratibu ambao chanjo hubaki katika kata na kutolewa mwaka mzima na watu wa hapo hapo. Lililoufanya utaratibu huo uwezekane ni uthibitisho uliochapishwa mwaka 2016 kwamba aina mojawapo ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika hapa nchini hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita katika nyuzijoto 25, au mitatu katika nyuzijoto 30. Ili kuiweka chini ya joto hilo kilibuniwa chombo cha kupozea kilichofinyangwa kwa udongo, kinachopoa kwa maji yanayovukiza, ufundi ambao kila bibi mwenye mtungi wa maji ya kunywa anaufahamu.

Chanjo ya distempa haina uvumilivu huo. Hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo hudai mnyororo wa ubaridi usiokatika. Ni ghali zaidi, na mtoto wa mbwa huhitaji zaidi ya dozi moja kwa kuwa kinga aliyorithi kwa mama huweza kuizima ya kwanza. Ndiyo sababu kampeni nyingi za umma hutanguliza kichaa cha mbwa, na chanjo ya distempa imetolewa zaidi kupitia miradi ya utafiti na uhifadhi kuzunguka hifadhi. Mpangilio huo ni wa haki: fedha inapokuwa haba, ugonjwa unaoua watoto wa watu hutangulia.

Je, simba wamelindwa?

Jibu la kweli ni kwamba wamelindwa kwa sehemu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia takwimu za miaka mingi za mbwa na simba wa Serengeti, ulionesha kuwa chanjo ilipunguza maambukizi ya distempa kwa mbwa wa vijijini, lakini mawimbi ya maambukizi kwa simba hayakukoma. Maana yake ni kwamba kirusi kimepata makao mapana zaidi, na huenda wanyama wengine walao nyama wanakizungusha wenyewe bila kumtegemea mbwa. Mfano wa sotoka haukujirudia. Ng'ombe walikuwa chanzo kikuu cha ugonjwa kwa nyumbu, ilhali mbwa ni mmoja tu kati ya wengi.

Inafaa jambo hili lisemwe wazi katika mikutano ya vijiji. Mwananchi akiambiwa achanje mbwa wake ili kumwokoa simba, ana haki ya kuuliza kwa nini atembee kilomita tano kwa ajili ya mnyama anayemla ng'ombe wake. Akiambiwa kwamba chanjo inamlinda mtoto wake dhidi ya kichaa na mbwa wake dhidi ya kifo cha kutetemeka, anaambiwa ukweli ambao takwimu za wilaya yake mwenyewe zinauthibitisha.

Hata hivyo uhifadhi haupaswi kusahauliwa. Mbwa mwitu, ambao kwa sasa wako katika hatari ya kutoweka duniani, walipotea ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwaka 1991, na kichaa cha mbwa ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2007 kundi moja la mbwa mwitu huko Loliondo liliangamizwa na distempa. Serikali ilipoanza kuwarejesha hifadhini mwaka 2012, iliwarejesha katika mazingira ambamo virusi vyote viwili vingalipo. Tofauti na simba, kundi dogo la mbwa mwitu likipata ugonjwa mara moja linaweza kwisha lote.

Surua: distempa ya binadamu

Sehemu ya mwisho ya ukoo huu haihitaji mbwa wala fisi. Surua husambaa kwa hewa kutoka mtu hadi mtu, na ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote yanayojulikana. Safari yake mwilini inafanana mno na ya distempa: njia ya hewa, chembe za kinga, tezi, damu, kisha mapafu, macho na ngozi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2019 zilibaini kuwa surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mtoto alikwisha kuijenga dhidi ya maradhi mengine, hivyo baada ya vipele kutoweka mtoto huwa mwepesi wa kupata nimonia na kuhara. Utapiamlo huongeza makali, kama ukame na kupe walivyoongeza makali kwa simba, na ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A.

Katika takriban mgonjwa mmoja kati ya 1,000, ubongo huvimba wakati wa ugonjwa au muda mfupi baadaye. Mtoto hupata degedege, hupoteza fahamu, na akipona anaweza kubaki na ulemavu wa akili au kifafa. Wengine hupoteza usikivu kutokana na maambukizi ya masikio.

Kuna tatizo jingine, nadra zaidi na la kuhuzunisha zaidi. Kirusi kinaweza kubaki kimejificha ubongoni. Miaka 7 hadi 10 baadaye, mtoto aliyekwisha kusahaulika kuwa aliwahi kuugua huanza kushuka darasani. Husahau, hubadilika tabia, huangusha vitu kwa sababu mikono inashtuka ghafla, kisha hupata kifafa na polepole hupoteza uwezo wa kusema na kutembea. Ugonjwa huo karibu kila mara huishia katika kifo, na walio hatarini zaidi ni walioambukizwa surua kabla ya kutimiza miaka miwili. Ni rahisi kuelewa jinsi familia inavyoweza kudhani mtoto amerogwa, kwa kuwa hakuna anayekumbuka vipele vya muongo mmoja uliopita. Hapo ndipo fedha huishia kwa waganga, na jirani huanza kushutumiwa. Mtoto yeyote anayeanza kushtuka mwili au kupoteza alichokwisha kukijua anapaswa kupelekwa hospitali kwanza.

Ratiba ya Taifa inatoa chanjo ya surua na rubela bila malipo mtoto anapotimiza miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya kwanza kwa kawaida huitikiwa vizuri. Ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto wa miezi 18 anatembea na anacheza, mama amerudi shambani au mnadani, na kliniki imegeuka jambo la kumbukumbu. Ili surua ishindwe kuzunguka katika jamii, watoto wapatao 95 kati ya 100 wanahitaji kuwa na dozi zote mbili. Kaya zinazohama na mifugo, na zile zilizo katika vitongoji vya mbali kando ya hifadhi, ndizo zinazoachwa nyuma kwa urahisi zaidi, na ndizo hizo hizo ambazo mchanjaji wa mbwa huzifikia kwa nadra.

Jambo hilo la mwisho lina upande wake wa manufaa. Timu inayofika katika kitongoji cha mbali na kisanduku cha chanjo ya mbwa inakutana na kinamama na watoto waliokuja kuangalia. Mtumishi wa afya akiwa amefuatana na ofisa mifugo, kadi za kliniki zinaweza kukaguliwa pale pale chini ya mti, na mama ambaye mtoto wake hajapata dozi ya miezi 18 akaelezwa siku na mahali pa kuipata. Anachopaswa kufanya ni kuja na kadi, na asiwaache nyumbani watoto wa mbwa.